Barua ya wazi kwa mjomba wangu aliyewacheka Wajapani

Mjomba shikamoo,

Nakuandikia hapa hadharani maana kule kwenye grupu la ukoo nimeshindwa, kila nikituma kitu unanijibu kwa voisi ya dakika nne, halafu mama mdogo anaingia anasema jamani tuheshimiane humu kuna wakwe. Hapa hakuna wakwe. Au kama wapo basi wamekaa kimya.

Ile habari niliyotuma ni ya kweli mjomba, sijaitunga. Ni watafiti wa Japani, mkubwa wao anaitwa Takanori Takebe, na mwaka 2021 walitoa matokeo yao kwamba panya na nguruwe wakiishiwa pumzi unaweza kuwasaidia kwa kuwapitishia oksijeni huku nyuma. Ndiyo, hukohuko. Kwa panya walianza hata na gesi yenyewe, ila kilichokuja kukubali zaidi ni kimiminika fulani chenye uwezo wa kubeba oksijeni nyingi, unakiingiza, utumbo unainyonya ile oksijeni, inaingia kwenye damu, mnyama anapata nafuu. Wazo walilitoa kwa samaki mmoja wa kwao anayekaa matopeni, hewa ikipungua kwenye maji anapanda juu anameza upepo na utumbo unafanya kazi ya mapafu. Na kumbuka enzi hizo ilikuwa korona, mashine za kupumulia zinagombaniwa dunia nzima, kwahiyo hawakuwa wanacheza.

Mwaka 2024 wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti zinazokuchekesha kwanza halafu zinakufanya ufikiri, na zawadi ilikuwa noti ya trilioni kumi za Zimbabwe, zile za zamani ambazo saizi hazinunui hata kisado cha dagaa.

Alafu mwaka 2025 wakaja kwa binadamu. Wanaume 27, wazima wa afya, wakaingiziwa kile kimiminika bila hata hiyo oksijeni ndani yake, lengo kuona tu kama kina madhara, na wakatakiwa wakae nacho saa nzima. Dozi ya juu kabisa lita moja na nusu, yaani ile chupa kubwa ya maji ya dukani mjomba. Ishirini waliimaliza hiyo saa. Mi sayansi yake nimeielewa, kinachoninyima usingizi ni hao 27, waliaga vipi nyumbani asubuhi ile?

Sasa voisi yako. Nimeisikiliza mara tatu. Kwanza ulisema wazungu hawana kazi (ni Wajapani mjomba, lakini sawa). Pili ukasema Mwanzo sura ya pili iko wazi, mtu alipuliziwa pumzi puani, sio sehemu nyingine. Tatu ukauliza, sisi tukisema fulani anapumulia mashine tunamaanisha ndo basi tena, sasa huyu wa Japani tutasema anapumulia nini? Hapo nilicheka kwa sauti ndani ya daladala mpaka konda akaniuliza, tuko Buzuruga, we kaka uko sawa kweli.

Ila hiyo ya pili ndo imebaki na mimi wiki nzima. Kwasababu wewe mwenyewe ndo ulinivuruga hilo jambo nikiwa darasa la tano, nadhani umesahau. Tulikuwa Igombe, nyavu zimelala majini usiku, asubuhi tunavuta tunakuta kamongo mkubwa kanasa, amekufa, hana hata jeraha, na muda wote alikuwa ndani ya maji. Nikakuuliza kafa na nini. Ukasema, kafa maji. Nikacheka, samaki afe maji? Ukanizaba kofi la kisogoni, ukasema kamongo anapumua kama wewe, mfunge chini asipande juu kuvuta hewa uone kama hafi.

Na ulikuwa sahihi kabisa mjomba! Kamongo ana mapafu, matamvua yake ni madogo hayamtoshi, akizuiwa kufika juu anazama kama mtu. Umevua samaki anayekufa maji karibu miaka arobaini na hujawahi kumcheka, leo unamcheka Mjapani kwa kuuliza hewa inaweza kupita wapi.

Haijaishia hapo. Wanaosoma DNA wanasema ukoo wa kamongo ndio ulio karibu zaidi na sisi tunaotembea nchi kavu, kuliko sangara, kuliko sato, kuliko dagaa. Ukiwapanga wewe, kamongo na sangara kwa undugu, kamongo anakaa upande wako, sangara anabaki peke yake kule. Na ndugu yake mmoja wa Amerika Kusini walimsoma mwaka 2024 wakakuta DNA yake ni kama mara 30 ya kwako, kwahiyo hata tukisema sisi ndo tumeandikwa maneno mengi zaidi, hapana, tumeshindwa na kitu cha kwenye matope. Ng'ambo kule Uganda, Baganda wa ukoo wa Mmamba, yaani kamongo kwa lugha yao, hawamli, ndo mwiko wa ukoo wao, na hawakusubiri maabara iwaambie kitu.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Ijumaa Kuu ulikula kamongo wa nazi ukasema leo hatuli nyama. Ulikula nini mjomba? Maana kama yeye ni samaki na yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na sangara, basi na wewe ni samaki, au neno samaki tumelitumia tu kwa mazoea kama tunavyoita wote wazungu.

Na ile pumzi. Tunasema mtu amekata roho pale anapoacha kupumua, tunamwekea mkono puani, tunasikiliza, tunaanza kulia. Siku kile kimiminika cha hao jamaa kikifika Mwanza na mtu amelala pua kimya kabisa ila damu yake ina oksijeni, inatoka kwingine, wewe kama mzee wa kanisa utaanzisha sala ya marehemu au utasubiri? Mi ningesubiri. Lakini najua shangazi angeshaanza kulia.

Jumapili nakuja, nitaleta sukari na ile dawa yako ya mgongo. Nikikuta kamongo jikoni nitamla, sitakudanganya. Ila sala ya chakula utasali wewe, na nitasikiliza kwa makini utamtaja kama nani.

Mpwa wako.