Vichekesho vya runinga havijafa, njooni Lamu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyesema kwamba vichekesho vya kila wiki kwenye runinga vimepitwa na wakati, na kwamba vijana wanatosheka na video za dakika moja kwenye simu. Sikubaliani naye hata kidogo. Mimi ni fundi wa runinga hapa Langoni, Lamu, na vipindi hivi ninavisikia kuliko ninavyovitazama.

Hewa ya chumvi huku inakula bodi. Runinga nyingi ninazoletewa kioo kimekufa lakini sauti ipo. Nikiijaribu jioni, wazee walioketi barazani mbele ya duka husikiliza. Muziki ukipigwa, wanaendelea na soga zao. Ikitokea Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha kesi za mahakamani, kimya. Kizimba hawakioni, hakimu hawamwoni, lakini mshtakiwa akikohoa tu kabla ya kujibu, mmoja ameshaanza kucheka. Anamjua yule mtu, na anajua ni uongo wa namna gani unaokuja.

Hilo video ya simu hailiwezi. Mtu kaanguka, umecheka, yamekwisha. Vichekesho hivi vinataka mazoea: mahali ni palepale, watu ni walewale, kila wiki linazuka jambo jipya, na baada ya nusu saa kila mmoja amerudi alipokuwa na tabia yake ileile. Papa Shirandula wa kipindi cha jina hilohilo, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, alikuwa bawabu aliyemficha mkewe kazi anayoifanya. Uongo huo mmoja uliwapa waandishi mambo ya kuandika kwa miaka.

Wala si ajabu kwamba wazee wangu wanatosheka na sauti, maana vingi vya mwanzo vilitoka redioni. Pinwright's Progress ya BBC, ya mwaka 1946, ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kwenye runinga, lakini Marekani The Goldbergs ilikuwa redioni tangu 1929, ikaingia runingani 1949. Kisha 1951 ikaja I Love Lucy, iliyopigwa kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watu waliokaa kutazama na kucheka. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Charles Douglass, fundi wa sauti, akaunda mashine ya kubandika vicheko vilivyorekodiwa. Mimi fundi mwenzake naheshimu ufundi huo, ila baraza langu halijawahi kuuhitaji.

Sasa, nani ametuletea kipindi kama hicho Lamu? Wanaokuja na kamera hupiga picha punda, majahazi na milango ya nakshi, na hadithi yenyewe huwa ya mapenzi na machozi. Mtu wa huku hupewa kuwa mganga, au yule anayelala mchana kutwa. Na utani wa runinga yetu umeegemea mno lafudhi za bara. Marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, alikuwa bingwa wa kazi hiyo na nilimpenda sana. Lakini Waamu nao wana utani wao, na hauko kwenye lafudhi. Mtu wa mtaa wa Mkomani anaweza kukutukana kwa adabu ukamshukuru, ukaja kufahamu ukishafika kwako.

Ningepewa mimi, ningeanzia gatini, kwenye boti ya abiria ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kunakopandwa mabasi. Haiondoki mpaka ijae. Nahodha anasema, "Bado mtu mmoya," na huyo mmoja akitokea, kuna mwingine ameshachoka kungoja ameshuka kwenda kunywa chai. Aliyefunga safari ya Mombasa anaiona saa ya basi inapita. Mama mmoja amepakata kapu la mahamri na hataki liwekwe chini, kuna maji. Mtu na mtalaka wake wamekaa goti kwa goti, hawasemezani, kila mmoja anamtumia nahodha amjibie mwenzake. Wote wanajuana, tena wanajuana mpaka mababu, na hakuna anayeweza kuondoka. Kila wiki ni boti ileile na nahodha yuleyule, na gharama yake si kubwa: gati lipo, bahari ipo.

Watunzi pia wapo. Mji huu umetunga mashairi karne na karne, na wanaojua kuandika majibizano hawakuisha. Vituo vije viwaajiri hao waandike wenyewe, si kuitwa siku ya mwisho kusahihisha Kiswahili cha wengine. Nao vijana wetu wasikimbilie kutia saini. Lucille Ball, aliyeigiza Lucy, na mumewe Desi Arnaz walikubali kupunguziwa malipo ili filamu za I Love Lucy zibaki mali yao, na marudio yakawatajirisha. Kijana wa Lamu akiletewa mkataba, aulize kwanza: kipindi kikirudiwa, pesa ni za nani?

Fundi wa runinga,
Langoni, Lamu