Barua kwa Mama kuhusu moyo wa Neema

Stockholm, 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepata ujumbe wako kwamba ndugu yangu Neema ameteremka tena kwenye Hiace njiani, akitweta na kushika kifua, na kwamba siku hizi haendi Moshi mjini mpaka wewe uketi ubavuni mwake na chupa ya maji. Kwa kuwa vipimo vya moyo, damu na tezi ya shingoni vyote havikuonyesha kasoro, naomba nikueleze jambo nililokuficha tangu mwaka juzi.

Hata mimi yalinipata. Nikiwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, moyo ulinienda mbio, midomo ikafa ganzi, nikaamini nakata roho. Baada ya dakika chache hali ilitulia, lakini tangu siku hiyo nikawa naikwepa treni, nikaacha hata kahawa, mimi mtoto wa Kibosho niliyekulia kwenye mibuni, kwa sababu kikombe kimoja kilitosha kunipandisha mapigo. Zile simu za Jumapili ulizolalamika kuwa sizipokei, sababu ndiyo hiyo: nilichelea usinisikie nikihema.

Daktari aliniambia ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, akanielekeza kwenye tiba ya kubadili fikra na mienendo inayotolewa kwa intaneti. Huku Uswidi si jambo geni: jaribio la Chuo Kikuu cha Uppsala la kutibu ugonjwa huu kwa intaneti lilichapishwa mwaka 2001, na utafiti wa Stockholm wa mwaka 2010 haukuona tofauti ya maana kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na waliokutana na mtaalamu katika vikundi. Kwa wiki 10 nilisoma sura moja baada ya nyingine, nikajaza mazoezi, na mwanasaikolojia ambaye hadi leo sijamtia machoni akawa ananijibu kwa maandishi. Sikufichi, kujaza kulinichosha, na wiki ya nne nilinyamaza kabisa. Ni yeye aliyenitafuta.

Zoezi lililonifungua macho lilikuwa la kuhema harakaharaka kwa makusudi kwa dakika moja. Niliketi kitandani, saa ya simu mbele yangu, na kabla dakika haijaisha midomo ilikufa ganzi na chumba kikazunguka, vilevile kama kwenye treni. Kumbe kwa kuhema haraka hewa ya ukaa ilikuwa imepungua kwenye damu, basi! Mtu akiyafasiri mabadiliko hayo kuwa ni kifo, hofu hupanda, nayo hofu huzidisha mapigo, na mapigo humthibitishia kwamba anakufa kweli. Nilirudia zoezi hilo siku baada ya siku, nikapumua kwa mrija huku nimebana pua, nikajizungusha kwenye kiti, kisha nikapanda treni kituo kimoja, halafu viwili, bila kushuka kabla hofu haijateremka yenyewe.

Sasa nafika kwenye lililo gumu kumwambia mzazi. Kila Neema anapofika stendi salama akiwa nawe, moyoni anahesabu kwamba wewe na chupa ndio mliomwokoa, na hofu yake inabaki palepale. Simaanishi umwache ghafla. Kaa kiti cha nyuma yeye akae mbele, safari kadhaa. Baadaye mtangulie ukamsubiri stendi. Chupa ibaki nyumbani. Akikushika mkono akitaka mshuke njiani, mwombe mngoje kidogo, hata kama kondakta atawakodolea macho.

Programu niliyoitumia mimi ni ya Kiswidi, haitamfaa, kwa hiyo ampate mtaalamu wa afya ya akili pale hospitali ya KCMC, Moshi, amwongoze hatua kwa hatua. Najua neno akili litamshtua Baba. Mwambie na mimi nimetibiwa huko huko, na kazini sijakosa siku.

Nisalimie Bibi. Ile kahawa aliyonifungia kwenye gazeti nimeifungua jana, nikanywa vikombe viwili, moyo ukaenda mbio kidogo, nikaendelea kuosha vyombo.

Mwanao,
Deo