Barua kwa Upendo: kitabu, tuzo na mkutano wa Moshi

Njiro, Arusha
9 Machi 2026

Dada Upendo,

Salamu nyingi kutoka Arusha. Natumaini wewe na wote nyumbani hamjambo. Huku sisi wazima. Barua yako nimeipata na nimefurahi mno kusikia kwamba mmekubaliana kufanya mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi hapo Moshi. Habari ya upande wangu ni kwamba riwaya imemaliza kuhaririwa, kurasa 240, na inaingia kiwandani baada ya Pasaka. Basi nitakujibu nikiwa katikati ya mambo hayohayo unayoyauliza.

Umeuliza kama riwaya ya Kiswahili inaweza kushindania Tuzo za Hugo, zile za hadithi za kisayansi, kabla haijatafsiriwa. Inaweza, na ningependa kila mwandishi wetu alijue hili. Tuzo hizo zilianza mwaka 1953 na hutolewa na Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki ulioanzia New York mwaka 1939. Hazina jopo la majaji. Wasomaji wenyewe, waliolipa uanachama, ndio wanaopendekeza na kupiga kura. Mwaka huu mkutano uko Anaheim, California, mwezi Agosti, na wa 2027 uko Montréal. Afrika haujawahi kufika, lakini kupiga kura hakuhitaji pasipoti wala viza: upo uanachama wa kura peke yake, ambao miaka ya karibuni umekuwa kama dola 50. Wanachama wa mkutano wa mwaka husika na wa mwaka uliotangulia hupendekeza, kila mtu hadi kazi tano kwa kila kundi. Sita zinazoongoza huingia fainali, na hapo wanaopiga kura ni wanachama wa mwaka huo tu, kwa kupanga kazi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Jiungeni mapema, kabla mwaka wa tuzo haujaanza, ili majina yenu yasikutwe nje ya orodha.

Kinachoshindaniwa ni kazi iliyotoka mwaka uliotangulia. Riwaya yako ikitoka Novemba 2026, kura yake ni ya 2027. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kutoka kwa kitabu, wala si mwaka ulioandikwa kando ya alama ya hakimiliki. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu andika mwezi na mwaka wa kutoka waziwazi. Mtu wa mbali atakayehakiki kama kitabu kina sifa ya kushindana hana njia nyingine rahisi ya kujua.

Kanuni ina mlango wa pili. Kazi iliyotoka kwa lugha isiyo Kiingereza hupata tena sifa ya kushindana mwaka inapotolewa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana nakusihi usibandike mtandaoni tafsiri nzima ya haraka haraka ili watu waonje. Kuibandika hadharani ni kuitoa, na mwaka ule wa pili unakuwa umeanza kuhesabiwa kabla tafsiri nzuri haijakamilika. Onjesha sura moja, inatosha.

Angalia pia urefu. Hadithi fupi ni chini ya maneno 7,500; kundi linalofuata ni 7,500 hadi 17,500; kisha novela hadi 40,000; kuanzia hapo ni riwaya. Kiswahili chetu hubana mengi katika neno moja, "hatutawaona" ni maneno matano kwa Kiingereza. Hadithi yako ya maneno 6,500 huenda ikavuka kundi ikitafsiriwa. Waandaaji wanaruhusiwa kuihamisha kazi kwenda kundi jirani ikiwa haijapita mpaka kwa zaidi ya asilimia 20, lakini ni heri uhesabu mwenyewe mapema.

Za Afrika, ziangalie Tuzo za Nommo za African Speculative Fiction Society, jumuiya ya hadithi za kisayansi na za kufikirika iliyoanzishwa 2016; nazo huamuliwa kwa kura za wanachama. Nyumbani ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa fasihi ya Kiswahili ipo ile ya Safal-Cornell, ambayo ilianza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Kabla ya kwenda kiwandani soma kama wanataka mswada au kitabu kilichokwisha kutoka. Ukichapa haraka unaweza kujifungia mlango.

Sasa jalada, maana ndiko nilikotumia muda mwingi na ndiko vitabu vyetu vinakoumia. Sisi wa hadithi za anga tunapenda jalada jeusi lenye nyota. Wino mweusi peke yake ukitandazwa eneo kubwa hutoka kijivu kilichopauka, kwa hiyo mweusi huchanganywa: sayani (bluu ya uchapaji) asilimia 60, majenta (wekundu wa uchapaji) 40, njano 40, nyeusi 100. Jumla yake ni 240. Ukipita 300 wino hauwahi kukauka na majalada hunatana yakiwa yamepangwa. Maandishi meupe ndani ya weusi wa rangi nne yana hatari yake. Pleti moja, yaani bamba la kuchapia rangi moja, ikisogea hata kidogo, herufi nyembamba hujaa wino na hazisomeki. Muhtasari wa nyuma uandike kwa herufi nene zisizopungua pointi 10, au uweke chini yake kisanduku chenye wino mweusi peke yake. Nyota ndogo kupita kiasi nazo hupotea, na fundi akisema ni mashine, ni kweli anachosema.

Mgongo wa kitabu uhesabu hivi: karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1. Kurasa 240 ni karatasi 120, kwa hiyo mgongo ni milimita 12. Jalada zima la A5 ni 148 mara mbili, jumlisha 12, jumlisha milimita 3 za kukatwa kila upande, unapata 314 kwa 216. Lakini muombe mchapaji akukatie karatasi 120 za aina ileile atakayotumia, uzibane na kupima, kwa sababu karatasi ya rangi ya maziwa huwa nene kuliko nyeupe ya uzito uleule. Mgongo ukikosewa kwa milimita mbili, jina la kitabu linahamia ubavuni.

Idadi ya kurasa iwe inagawanyika kwa 16 kama ni ofseti, yaani uchapaji wa pleti, maana karatasi kubwa hukunjwa kuwa kipande cha kurasa 16. 240 ni vipande 15 kamili. Ukizidisha ukurasa mmoja unalipia kipande kingine kwa ajili ya kurasa tupu. Chini ya nakala 200 au 300, kwa kawaida dijitali huwa nafuu, maana hakuna pleti za kulipia. Uliza nyuzi za karatasi zinaelekea wapi: zifuate mgongo. Zikilala kwa upana, kitabu hakifunguki vizuri, na masika yakiingia kurasa hujikunja mawimbi karibu na gundi. Jalada jeusi lisiende bila laminesheni, yaani utando wa plastiki, kwa kuwa wino hupasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Laminesheni isiyong'aa inapendeza lakini huonyesha kila alama ya kidole na ukucha. Kwa kitabu kitakachoshikwashikwa mezani mkutanoni, nimechagua inayong'aa.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Ukitaka kuhakikisha hakuna tarakimu iliyoandikwa vibaya, zidisha tarakimu 13 kwa 1 na 3 kwa kupokezana, ujumlishe. Jibu lazima ligawanyike kwa 10. Mistari ya namba hiyo iwe myeusi juu ya kisanduku cheupe, kikiwa na nafasi tupu pembeni. Juu ya anga jeusi mashine ya duka haisomi kitu.

Kuhusu mkutano wenyewe: tarehe kwanza. Epukeni mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, kwa sababu ya Kilimanjaro Marathon, vyumba Moshi havipatikani. Mwanzo wa Juni kuna maonyesho ya utalii ya Kilifair, na tarehe 8 Agosti watu wengi wanakuja huku Themi kwa Nane Nane. Septemba naiona ni nzuri: mvua hazijaanza, na wa Arusha tunafika kwa basi, kilomita 80 tu. Kibali anzeni kukiulizia kwa afisa utamaduni wa manispaa, kabla ya kulipia ukumbi.

Mazungumzo ya jukwaani yawe dakika 50 na kumi za kupishana. Wazungumzaji wanne pamoja na mwongozaji ndio mwisho. Wakifika sita kila mmoja anasema mara moja tu na hakuna anayemjibu mwenzake. Anayesoma kazi yake apewe dakika 20, ambazo ni kama maneno 2,400 kwa sauti ya utulivu, na achague sehemu isiyohitaji maelezo ya sura zilizotangulia. Umeme ukikatika msitegemee projekta. Kipaza sauti cha betri kiwe kimechajiwa usiku wa kuamkia mkutano.

Gwaride la mavazi ni zuri sana na vijana watalipenda, ila tangazeni mapema: hakuna vazi la mabaka wala linalofanana na la jeshi. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wayasalimishe mavazi hayo, na askari wa Moshi hatamtofautisha askari wa sayari ya kubuni na mvaaji mwingine yeyote. Bunduki za bandia nazo zibaki nyumbani. Maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha yanatosha kutengeneza vazi la mwanaanga.

Kwenye meza ya vitabu wekeni lipa namba kwa herufi kubwa na chenji ya kutosha asubuhi. Kusaini, tumia ukurasa wa ndani usio na mng'ao na kalamu ya wino unaokauka upesi; ya jeli huchafua ukurasa wa pili ukifunga kitabu. Mtu mmoja apite kwenye foleni na vikaratasi, kila msomaji aandike jina lake mwenyewe kabla hajafika mbele.

Nakala zangu nitazipakia hamsini kwa boksi. Kitabu kimoja kina uzito wa kama gramu 315, kwa hiyo boksi ni karibu kilo 16, na kijana wa stendi analibeba bila kulidondosha. Niandikie mmetenga meza ngapi kwa wauzaji na kama chumba chao kina kufuli, nijue kama maboksi yalale hapo au niyachukue jioni. Na nitumie vipimo vya jalada lako kabla hujalipeleka, nivipitie.

Msalimie mama na watoto.

Ndugu yako,
Elibariki