Kwa nini shemeji bado anameza vidonge

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi, nyingine mfikishie shemeji. Nimefurahi mno kusikia kwamba figo alilopandikizwa linafanya kazi na miguu yake imeacha kuvimba. Swali lako nimelisoma mara mbili tatu: kama figo limetoka kwa dada yake, tumbo moja, kwa nini mwili ulikatae hadi ameze vidonge maisha yote? Kwenye simu nilikujibu harakaharaka na jibu likawa nusu. Leo nimekaa, nataka nikueleze vizuri.

Seli karibu zote za mwili hukatakata baadhi ya protini zake na kuvitoa vipande nje, kila kipande kikiwa kimelazwa ndani ya kishikio kiitwacho HLA. Ni vipande vidogo sana. Vingi vina asidi amino (matofali yanayojenga protini) 8 hadi 10 tu. Seli T, walinzi wa kinga ya mwili, hupita zikivipapasa. Wala hazisomi kipande peke yake, bali kipande pamoja na kishikio chake. Hilo lilijulikana mwaka 1974 huko Canberra, Australia, kwa kazi ya Rolf Zinkernagel na Peter Doherty. Waliona seli T za panya aliyeugua zikiua seli zenye virusi za panya wa ukoo wake, lakini zikiziacha za ukoo mwingine, wenye vishikio tofauti, ingawa virusi vilikuwa vilevile. Mwaka 1996 walipewa Tuzo ya Nobel.

Vishikio hivyo tunarithi seti moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba na mama mmoja wanaweza kulingana seti zote mbili (mara moja katika nne), kulingana moja, au wasilingane hata moja. Uliniambia wifi yako na shemeji wamelingana nusu. Basi hiyo nusu nyingine ndiyo yenye shida. Seli T za shemeji zilipikwa kwenye tezi ya thimasi, kifuani, na zile zilizovishika kwa nguvu mno vishikio vyake mwenyewe ziliuawa hukohuko. Vya dada yake hazikuwahi kuonyeshwa. Na hata wangelingana vyote, zipo protini nyingine ndogondogo wanazotofautiana, na vipande vyake huonekana vilevile. Ni pacha wa kufanana tu ambaye hana tofauti hizo.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, univumilie. Seli T haina macho. Inachopima ni muda wa mshiko. Kipokezi chake hukigusa kipande na kukiachia, kinagusa kingine na kuachia, kwa sababu mshiko wenyewe ni dhaifu. Kipande kisichohusika huachiwa upesi mno; kinachohusika hudumu sekunde kadhaa. Tofauti ya sekunde hizo chache ndiyo inayoamua seli itulie au ianze vita.

Inakuwaje? Kipokezi chenyewe kina mkia mfupi sana upande wa ndani, hakiwezi kupeleka habari. Kinategemea protini za CD3 zinazokaa nacho bega kwa bega, ambazo mikia yake ni mirefu. Mshiko ukidumu, kimeng'enya (protini inayochochea kazi za kikemikali) kiitwacho Lck hubandika fosfati, alama ndogo za kikemikali, kwenye mikia hiyo. Fosfati zikishakaa, kimeng'enya kingine, ZAP-70, huja kukaa juu yake, nacho huamshwa. Kikiamka hubandika fosfati kwenye LAT, protini iliyojishikiza kwenye utando wa seli. Kila hatua inaisubiri iliyotangulia, na muda wote huo kuna vimeng'enya vingine vinavyozibandua fosfati. Kipokezi kikiachia kabla safari haijaisha, yote yanafutwa na kazi inaanza upya.

LAT ikishawaka, akiba ya kalsiamu iliyo ndani ya seli hufunguliwa, kisha milango ya utando nayo hufunguka na kalsiamu ya nje ikamiminika. Hili nimeliona kwa macho yangu, Mwanaidi. Tuliziwekea seli T rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu, tukazima taa za chumba, nikainama kwenye hadubini. Seli moja ilikuwa ikitambaa, ndefu ndefu kama koa. Ikaigusa nyenzake yenye kipande inachokitafuta. Ikasimama, ikajikunja ikawa duara, na kabla sijavuta pumzi mara kumi ikawaka yote. Nilinyamaza muda mrefu.

Kalsiamu hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Chenyewe hubandua fosfati kwenye protini ya NFAT, na NFAT ikishavuliwa hivyo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za vita, ikiwemo ya intalukini-2, inayozihimiza seli T ziongezeke.

Kidonge cha shemeji, takrolimasi, kinakaa hapo hapo. Kilipatikana kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Kikiingia ndani ya seli hushikana na protini nyingine ndogo, kisha kwa pamoja wanaifunga kalsinyurini. Kwa hiyo seli T zake bado zinaliona figo kuwa geni, kalsiamu bado inamiminika, ila habari haifiki kwenye kiini.

Ndiyo maana wanamsisitizia saa. Dawa inaendelea kutolewa mwilini, na ikipungua kwenye damu kalsinyurini inaachiwa huru, wakati seli zenye hamu na figo lile hazijaenda popote. Ikizidi nayo huliumiza figo lenyewe, kwa hiyo asichoke kupimwa damu. Na kwa kuwa habari za vijidudu hupita njia hiyohiyo, homa yoyote kwake si ya kulala nayo nyumbani hadi asubuhi. Mpigieni daktari usiku uleule.

Uliniuliza pia kama kusahau kidonge kimoja wiki iliyopita kumeshaharibu kitu. Mara moja hivyo, mara nyingi hapana, lakini waambie kliniki ili wapime kiwango. Niandikie majibu yakitoka.

Wako,
Zuhura