Msiseme "ni uzee tu" kabla ya kumpima masikio

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maneno matatu yanayoniuma: "Ni uzee tu." Ndiyo niliyoambiwa nilipompeleka mama hospitali, alipoanza kuuliza jambo lilelile mara tatu na kuchanganya majina ya wajukuu. Aliyetupokea hakumsemesha mama hata neno. Alinigeukia mimi, akatamka hayo, tukarudi nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye mdogo wangu alimuuliza, "Mama, nifunge dirisha au nikuletee shuka?" Mama akatabasamu na kutikisa kichwa: "Ndiyo." Hapo ndipo nilipong'amua. Swali hakuwa amelisahau, hakuwa amelisikia. Kumbe siku zote alikuwa akitusoma midomo, nasi tunazungumza huku tumempa kisogo.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, ambayo yanaweza kurekebishwa. Kwa hesabu yao, yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo. Presha, kisukari, sigara na upweke yamo, na watu wengi wanayajua. Lakini upungufu wa kusikia uko juu kabisa katika orodha hiyo, sambamba na lehemu mbaya kwenye damu, na sisi tunaufanyia mzaha! Asiyesikia vizuri huutumikisha ubongo wake kutwa nzima akikisia maneno. Akichoka, hujitenga na mazungumzo, na ubongo usiozungumzishwa hudhoofika.

Nisizidishe chumvi. Utafiti uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2023 uliwafuatilia wazee kwa miaka 3. Kwa jumla yao, vifaa vya kusaidia kusikia havikuleta tofauti. Ila kwa wale ambao tayari walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kasi ya akili kufifia ilipungua kwa asilimia 48. Kwangu mimi hiyo si habari ndogo.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki za presha na sukari: mzee akija, apimwe na masikio, na macho pia, maana uoni hafifu usiotibiwa nao umo kati ya yale 14. Wakati mwingine sikio limezibwa na nta tu, na muuguzi anaweza kuisafisha siku hiyohiyo. Na waajiri wenye mashine za kelele wawape wafanyakazi wao vizibo vya masikio sasa, wangali vijana.

Mama sasa anavaa kifaa. Bado husahau, na sidai kwamba amepona. Lakini juzi tulikuwa tunasimulia habari za zamani, kaka akakosea jina la jirani yetu mmoja. Mama akamkatiza kutoka upande wa pili wa chumba, akalitaja lenyewe. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu aingilie mazungumzo yetu bila kuulizwa.

Msomaji wako