Waendesha baiskeli wa ridhaa wapangwe kwa viwango

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze adha inayotupata sisi waendesha baiskeli wa ridhaa katika mashindano ya barabarani. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi, lakini akiachwa mita chache tu hupambana na upepo huo peke yake, na kundi halimngoji. Katika mbio zangu za mwisho tulianzishwa pamoja na wazoefu; kwenye kona ya kwanza, yenye changarawe, aliyekuwa mbele yangu alishika breki ghafla, tairi likateleza, tukaanguka wanne. (Goti langu lilipona kabla ya rimu ya gurudumu langu kunyooshwa.) Waandaaji watutenganishe kwa viwango, na kona zifagiliwe mapema.

Mshiriki wa ridhaa