Kushoto na kulia kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Kila Ulaya inapofanya uchaguzi, kurasa za habari za kimataifa hujaa "mrengo wa kushoto" na "mrengo mkali wa kulia". Mara nyingi huongezwa maelezo kwamba majina hayo yalizaliwa katika Mapinduzi ya Ufaransa, makabaila walipoketi kulia kwa mfalme na raia wa kawaida kushoto kwake. Mapinduzi ni kweli, ila viti havikupangwa hivyo, na kosa hilo linazaa makosa mengine.

Tarehe 5 Mei 1789, Mfalme Louis XVI alipofungua Mkutano Mkuu wa Matabaka mjini Versailles, waliokaa kulia kwake walikuwa makasisi. Makabaila walikaa kushoto. Tabaka la tatu, yaani wawakilishi wa raia wasio na vyeo, waliwekwa mkabala naye, upande wa pili wa ukumbi. Tungefuata mpangilio wa siku ile, makabaila ndio wangeitwa watu wa kushoto!

Mgawanyiko tunaoujua ulikuja baadaye, matabaka yote yakiwa yameshaunganishwa kuwa Bunge moja. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba wajumbe walibishania kura ya turufu: katiba mpya impe mfalme uwezo wa kuizima kabisa sheria iliyopitishwa na Bunge, au isimpe? Waliotaka apewe walijikusanya kulia kwa mwenyekiti wa kikao, wapinzani wao kushoto. Mwenyekiti, si mfalme. Tarehe 11 Septemba wajumbe 673 waliamua mfalme aweze kuichelewesha sheria tu, na 325 wakataka turufu kamili.

Kujikusanya huko kulikuwa na sababu. Kura nyingi za Bunge lile zilipigwa kwa kusimama na kuketi, mbele ya wananchi waliojaa roshani wakishangilia na kuzomea. Mjumbe mmoja wa makabaila, Baron de Gauville, aliandika katika shajara yake kwamba alijaribu kukaa sehemu mbalimbali za ukumbi ili awe huru na maoni yake. Ilimbidi auache kabisa upande wa kushoto, maana pale angepiga kura peke yake kila mara na kuzomewa. Wenzake waliomtii mfalme na dini nao walihamia kulia, wakikimbia kelele na matusi ya upande wa pili. Na bado kiti hakikutosha kumweleza mtu: Mirabeau, msemaji mashuhuri wa tabaka la tatu, aliitetea turufu kamili ya mfalme.

Kosa la pili ni kudhani kwamba maana ya majina haya imesimama pale pale. Ufalme uliporudishwa Ufaransa mwaka 1815, walioketi kushoto walikuwa waliberali: walidai uhuru wa magazeti na mipaka kwa madaraka ya mfalme, na wengi wao walikuwa watetezi wakubwa wa mali binafsi. Baadaye wakaja wanajamhuri, kisha wajamaa, kisha wakomunisti, na kila kundi jipya likawasukuma waliotangulia kuelekea katikati. Majina yao ya zamani hawakuyaacha. Katika miaka ya 1930 kundi lililojiita "Républicains de gauche", yaani Wanajamhuri wa Kushoto, lilikuwa la mrengo wa kati kulia. Mwandishi akitegemea jina la chama bila kusoma sera zake, atampotosha msomaji.

La tatu ni picha. Kushoto na kulia huhesabiwa kutoka kiti cha mwenyekiti akiwatazama wabunge. Picha ikipigwa kutoka nyuma ya ukumbi, kamera ikielekea kwenye kiti hicho, pande zinageuka. Katika suala hili viti si jambo dogo: tarehe 16 Desemba 2021 Bunge la Ujerumani lilipiga kura kukihamisha chama cha kiliberali cha FDP kisikae tena jirani na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, na wahafidhina wa CDU/CSU wakawekwa nafasi hiyo licha ya kupinga.

Kisha kuna mabunge yetu. Kwa utaratibu uliorithiwa kutoka London, Serikali na wabunge wake hukaa kulia kwa Spika, upinzani kushoto. Kinachompa mtu upande ni wingi wa viti, si itikadi. Huko London chama cha Labour, cha mrengo wa kushoto, huhamia kulia kila kinaposhinda, bila kubadili hata mstari mmoja wa sera zake. Dodoma, CCM hukaa kulia kwa Spika ingawa ni mrithi wa TANU, chama kilichotoa Azimio la Arusha la ujamaa mwaka 1967, na ibara ya 3 ya Katiba bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa. Kuandika kwamba chama fulani cha upinzani hapa nchini ni cha mrengo wa kushoto kwa sababu tu kiko upande ule ni kumdanganya msomaji.

Ombi langu kwa dawati lenu ni hili: jina la mrengo likitumika, sentensi inayofuata iseme chama hicho kinataka nini kuhusu kodi, mali ya umma, wahamiaji na mamlaka ya dola. Kwa habari za kihistoria, tajeni na mwaka, kwani mtu wa kushoto wa 1820 na wa 1936 wasingekaa benchi moja.

Msomaji wenu,
Morogoro